Chupa ya Kijani Dirishani kwa Shemeji

Jumatano. Mawingu tangu alfajiri, joto halina pumzi. Natoka hospitali.

Dada yangu Zuhura amevunjika nyonga. Jana, akienda kutawadha kwa adhuhuri, aliteleza kando ya birika, hodhi la maji la uani, nyumbani kwao Kibokoni. Nimeandika habari za ajali nyingi. Swali la kwanza huwa moja: nini kilibadilika?

Kilichobadilika ni mwanga.

Mumewe, shemeji Athmani, alifundisha biolojia hadi alipostaafu. Ua wao wa ndani ulikuwa wazi juu, na kila Alhamisi alisugua ukoga wa kijani uliotambaa pembeni mwa birika. Mgongo ulipoanza kumsumbua, akafanya jaribio. Alichota maji yenye ukoga, akayatia katika chupa tatu, akazizungushia nailoni: nyekundu, buluu na kijani. Akaziweka dirishani. Mbili za kwanza zilichafuka upesi. Ya kijani ilibaki safi.

Sababu aliieleza barazani kama yuko darasani. Ukoga huu ni mwani, na mwani hujipikia chakula kwa mwanga. Mwanga mwekundu na wa buluu huumeza. Wa kijani huurudisha kwa wingi, ndiyo maana tunauona kijani. Akaezeka ua kwa plastiki ya kijani, upite mwanga wa kijani tu. Akaacha kusugua.

"Hiyo rangi ndiyo itakayonisugulia?" Zuhura alimcheka mbele yangu.

"Utanishukuru, bibiye."

Leo mchana nilimkuta shemeji ameketi ukingoni mwa birika, ukoga umerudi pembeni, brashi mkononi, hasugui.

"Weye kazi yako kuuliza watu," akasema. "Nambie kweli. Ni mimi?"

Nikaenda dirishani nikaishusha chupa ya kijani, iliyosahauliwa pale tangu alipoezeka. Nikaivua nailoni. Maji yalikuwa yamechafuka kama ya zile mbili.

Mwani ulichelewa tu. Mwanga wa kijani unamtosha anayekula polepole.

"Jaribio lako lilikuwa sawa," nikamwambia. "Ulilimaliza mapema."

Nilipoondoka alikuwa ameng'oa plastiki yote na kupiga magoti, anasugua.

Sijui kama ningemjibu kwa upole zaidi. Sikujaribu.

Jioni Zuhura, mdomo umekauka kwa dawa, hakugusia upasuaji. Daktari amesema huenda asipande ngazi tena, na chumba chake kiko ghorofani. Aliuliza jambo moja.

"Amesugua?"

"Anasugua."

"Mwambie avae viatu. Naye akianguka, nani atanitilia maji nitawadhe?"

Kesho asubuhi wanampasua. Ua sasa uko wazi, jua lote linaingia, jekundu na buluu na yote. Mwani utakua upesi kuliko chini ya plastiki.

Shemeji na mgongo ule, atausugua hadi lini?