Shingo ya Mama

Jumatatu, Buhare. Mawingu mazito yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, mvua hainyeshi. Mwili unanisisimka tu.

Binti yangu Nyangeta ana miaka tisa, amerithi jina la marehemu mama yangu. Kwetu mtoto wa jina hilo ni mama mwenyewe. Mimi humwita mama, naye tumemzoesha kuniita mwanangu, tukicheka. Na kile alichokipenda marehemu, mtoto hanyimwi. Mama alikuwaga mtu wa soda na chai ya sukari nyingi. Basi ndivyo tulivyomlea. Kila akinenepa, ukoo wote unafurahi: mama anarudi!

Juzi namwogesha, nikaona shingo yake nyeusi kwa nyuma. Nikasugua kwa dodoki. Haitoki. Nikasugua mpaka akalia.

Jamani, ile shingo naijua. Nilikuwaga namsuka mama, naye alikuwa na weusi huohuo, mahali palepale.

Nilimwonyesha dada yangu aliyekuja kutoka Bukima. Akapiga vigelegele. "Mama kaja mzimamzima! Hata maji alikuwaga anakunywa hivyohivyo, hashibi."

Jana nikakuta sisimizi wamejaa chooni, pale alipokojoa Nyangeta.

Sisimizi walifuata mkojo wa mama pia, kabla hajakatwa mguu, kabla hatujamzika. Tulisema katupiwa kitu, karogwa.

Leo nimempeleka hospitali mjini, hajala kitu. Wamempima. Nikajikuta namuuliza daktari kama ni mama amerudi. Hakucheka. "Huo weusi si uchafu, mama. Uzito umemzidi, mwili unashindwa kuitumia sukari, inabaki kwenye damu. Lakini bado mdogo. Tukianza sasa, tunamwokoa."

Njia nzima ya kurudi nilimshika mkono.

Nyumbani, dada alikuwa ameshamfungulia soda. Nikaichukua mkononi mwa mtoto nikaimwaga uani. Dada akashika kichwa, "Unamnyima mama? Wewe huogopi?"

Naogopa. Naogopa sana.

Nyangeta hakulia. Alinitazama kwa utulivu, kichwa kakiinamisha upande kama alivyofanyaga marehemu, akasema polepole, "Mwanangu, unaninyima?"

Tulimfundisha sisi wenyewe, najua. Lakini damu iliniganda.

Sisimizi walikuwa wameshafika kwenye soda.

Ndiyo, mama. Nakunyima. Na kesho nitakunyima tena.