Ng'ombe wa Joyeuse na sheria yangu ya tisa

Mama Léonie mpendwa,

Naomba unisaidie kama unavyowasaidia wengine wanaokuandikia, na iwe kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili papa yangu anarudi kutoka Bukavu na siku hiyo natakiwa kuwa nimekwisha kuwaondoa askari wangu wote, themanini na wanne, na mimi mwenyewe sijui tena kama nataka kuwaokoa au kuwachoma. Jina langu ni Kamate, nina miaka kumi na sita, nasoma sekondari, tunakaa Murara. Mimi si mtu wa maneno mengi, hata darasani nikijua jibu nangoja mwingine alitoe, lakini kuandika naweza, kwa hiyo nivumilie kama barua itakuwa ndefu.

Askari ninaowasema ni wadogo, urefu wa kidole. Nawatengeneza kwa nyaya za chaja zilizokufa, nawavika nta ya mishumaa, nawasimamisha juu ya vifuniko vya chupa, kisha nawapaka rangi ya kucha inayobaki katika chupa za dada yangu Daniella. Mchezo huu niliujua kwenye gazeti la zamani la Kifaransa katika maktaba ya parokia, lenye picha za wazee wa Ulaya wameinama juu ya meza wakiongoza majeshi madogo, wanapima mwendo kwa rula, wanarusha dadu, na hakuna anayepiga kelele. Nilipenda hasa jambo hilo, kwamba ni vita ambamo kila mtu anangoja zamu yake. Nikaandika sheria zangu kwenye daftari, ishirini na mbili, nikalaza mlango wa zamani juu ya matofali nyuma ya nyumba uwe meza, nikapanga milima kwa mawe ya volkano, na kila Jumamosi mchana Lévi, ninayesoma naye, anakuja kupigana nami. Majeshi yetu ni Wekundu na Wabuluu tu. Sikuwapa jina la jeshi lolote la kweli, kwani hapa kwetu jina tu linaweza kukuletea matatizo.

Miezi mitano iliyopita Mama Élisabeth alikuja kukaa kwetu. Miaka mingi alikuwa akimletea mama yangu fromaji, jibini ya ng'ombe wao, kutoka Masisi, wakazoeana kama ndugu, na vita vilipofika kwenye kilima chao watu wenye silaha walichukua ng'ombe wote, nyumba ikaungua, yeye akakimbia na binti yake Joyeuse mwenye miaka kumi na mmoja, wakalala katika kambi ya Mugunga ndani ya kibanda cha plastiki wiki nyingi, mpaka mama yangu alipowapata akasema hawezi kula fromaji ya mtu miaka yote hiyo halafu amwache kwenye mvua. Mume wake hatujui yuko wapi mpaka leo.

Siku za kwanza Joyeuse hakusema na mtu. Alikuwa anakuja kusimama karibu na meza yangu, anaangalia, anaondoka. Siku moja akagusa milima yangu akasema, "Hii si mulima. Hii ni mawe tu."

"Sasa mulima inakuwaka namna gani?"

"Inakuwaka na majani. Inakuwaka na ng'ombe. Weye ulishaona mulima ya bure bure?"

Nikampa vipande vya mishumaa na unga wa makaa. Akafinyanga ng'ombe watano wazuri kuliko askari wangu wote, wenye pembe ndefu, na kila mmoja alikuwa na jina lake, jina la ng'ombe wao wa kweli. Aliniambia Bihogo ndiye anatangulia, hapendi kusukumwa, na Gaju ni mwizi wa mahindi ya jirani. Akanionyesha chemchemi iko wapi, njia inapita wapi, nyumba yao yenye bati la buluu inaangalia upande gani, na mimi nikahamisha mawe, nikapanda majani, nikachora yote katika daftari langu, na njia zote, ili nisisahau. Kazi hiyo tuliifanya siku nne. Siku ya nne alicheka, kwa sababu niliiweka chemchemi juu sana mlimani, kupita mawingu, na Mama Élisabeth akatoka jikoni mikono imejaa unga kuja kuona ni nani anacheka.

Sasa nafika mahali ninapoona haya.

Jumamosi iliyofuata Lévi alikuja, akauona mlima, akasema, "Leo tuko na terrain ya kweli," na tukaanza kupigana pale pale. Joyeuse alikuwa amekaa kwenye tofali karibu nasi na mimi sikumuuliza kitu. Katika daftari langu sheria ya tisa inasema jeshi likipita zamu tatu bila chakula linapoteza askari, isipokuwa likikuta chakula njiani. Niliiandika kwa sababu nilisoma kwamba njaa inaua askari wengi kuliko bunduki, na nilijivunia sana sheria hiyo. Wekundu wa Lévi walikuwa na njaa, wakafika kwenye nyumba ya bati la buluu, na Lévi akanyoosha mkono akamchukua Bihogo.

"Nimekula. Sheria ya tisa."

"Rudisha," Joyeuse akasema. "Ule ni Bihogo."

"Bihogo ameisha kuingia mu sufuria, mama. Baaskari yangu balikuwa na njaa."

Lévi hakusema kwa ubaya, yeye anatania kila mtu, hata mwalimu wa hesabu. Akamtia Bihogo mfukoni, kwa sababu kinachotekwa tunakiweka mfukoni hadi mwisho. Kisha wote wawili wakaniangalia mimi, kwani sheria ni zangu. Na mimi nilifungua daftari, Mama Léonie, nilifungua kweli, nikatafuta ukurasa, nikasoma, nikasema, "Sheria inamuruhusu."

Joyeuse akasimama. Akasema polepole, "Njo vile na bale balisema." Akaenda zake. Sikuhitaji kuuliza ni akina nani hao waliosema hivyo pia.

Tangu siku hiyo ananipa bonjour asubuhi na bonsoir jioni, kama mgeni, na hakuna kingine. Ng'ombe wanne waliobaki walitoweka kwenye katoni ninamowatunzia askari. Wiki iliyopita nikawakuta kwa bahati, wako ndani ya kopo la maziwa ya unga nyuma ya pipa la maji, wamesimamishwa juu ya majani mabichi. Nikafunika nikaondoka. Nadhani amewaficha ili nisiwaguse tena.

Kisha papa akajua habari kutoka kwa Daniella, akaomba daftari, akaona mlima niliouchora. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lilinitisha. "Mu huu muji baaskari bako benye kutosha," alisema. "Weye unabaongezea hapa kwangu, mu parcelle yangu?" Akasema akirudi kutoka Bukavu asikute hata mmoja. Mama anasema nimtii papa. Lévi anasema niwafiche kwao, atawatunza mpaka papa asahau.

Mimi nafikiria kuwachoma uani mbele ya Joyeuse, ili aone kwa macho yake kwamba najuta. Ni kazi ya miaka mitatu lakini nitaifanya. Ninachoogopa ni kitu kimoja tu, kwamba nitawachoma wote, na asubuhi atanipa bonjour ile ile. Nifanye nini ili aseme nami tena?

Kamate, Murara

*

Kamate mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na hasira kidogo, basi nianze na hasira nimalizane nayo.

Umeandika sheria ishirini na mbili na hakuna hata moja inayosema mwenye mlima aulizwe. Mtoto aliyenyang'anywa kila kitu alikupa kitu cha mwisho alichobaki nacho, kumbukumbu ya kwao, akaipanga mbele yako siku nne, jiwe kwa jiwe, na siku ya tano ukaleta majeshi juu yake. Lévi alichukua ng'ombe kwa mzaha. Wewe ulimchukua kwa maandishi. Kati yenu wawili, wewe ndiye uliyemuumiza zaidi, kwa sababu yeye alikuwa amekuamini wewe. Najua unalijua hilo, ndiyo maana ulipofika hapo uliandika kwamba unaona haya. Haya hiyo itunze, ina faida.

Sasa papa yako. Unadhani amekasirika kwa sababu ya wanasesere? Papa yako ameogopa. Uliepuka majina ya majeshi, ukajiona mwerevu, kisha ukachora katika daftari la shule kilima cha kweli cha Masisi, chemchemi yake, nyumba zake na njia zake zote. Siku hizi, karatasi kama hiyo ikikutwa katika mfuko wa kijana wa miaka kumi na sita njiani kwenda shule, ni nani atangoja umalize kumweleza habari za vifuniko vya chupa? Ukurasa huo uondoe leo, kabla hujalala. Huo ndio wa kuchoma, tena jikoni, chini ya sufuria, bila sherehe.

Askari usiwachome. Fikiri kidogo. Joyeuse ameona nyumba yao ikiungua, na wewe unataka kumwita uani umwonyeshe moto mwingine, na kumwambia ni kwa ajili yake? Atabeba moto huo pia. Utalala vizuri usiku huo wewe peke yako. Na kwa Lévi usiwapeleke, usimdanganye papa yako juu ya jambo ambalo tayari ana sababu ya kuliogopa. Watie wote themanini na wanne ndani ya katoni, ifunge kwa kamba, na Jumapili papa akiisha kula na kupumzika, mpe katoni mkononi. Mwambie ukurasa umeuchoma. Mwambie habari ya Bihogo yote, na lile ulilosema wewe, usiruke. Kisha mwombe akutunzie katoni hiyo chini ya kitanda chake mpaka yeye mwenyewe aone imetosha. Akikataa, ni nyumba yake, utamtii, na mikono iliyowatengeneza hao utabaki nayo. Lakini simwoni akikataa. Baba aliyekubali mke wake alete familia nzima kutoka Mugunga si mtu wa kushindwa na katoni.

Nabaki na Joyeuse, ambaye ndiye uliyeniandikia habari zake, hata kama barua inaanza na askari.

Unasema amewaficha ng'ombe ili usiwaguse. Soma tena ulichoandika kwa mkono wako. Uliwakuta wiki iliyopita, wamesimama juu ya majani mabichi. Majani ndani ya kopo yanakaa mabichi siku ngapi, Kamate? Moja, mbili? Basi kuna mtu anaenda nyuma ya pipa kila siku, anatoa majani yaliyokauka, anaweka mengine. Unaona mtoto aliyefunga mlango. Mimi naona mchungaji aliyehamisha ng'ombe wake kutoka mahali pa hatari, na anaendelea kuwalisha. Mtu aliyekata tamaa halishi ng'ombe wa nta.

Lakini katika kundi hilo anakosekana mmoja, yule anayetangulia. Yuko wapi? Barua yako haisemi. Lévi alimtia mfukoni na hakuna mahali ulipoandika kwamba alimtoa. Siku zote hizo umehesabu askari wako, hukumhesabu Bihogo.

Leo, ukitoka shule, usipite nyumbani. Nenda kwa Lévi, mwambie akupe ng'ombe. Kama amempoteza, mtafute pamoja naye, mpaka mfuko wa mwisho wa suruali ya mwisho. Kama amevunjika pembe, usimtengeneze, si kazi yako. Mlete alivyo. Na Lévi naye aje, kwa sababu ule utani wa sufuria ni deni lake mwenyewe, na mtu anayeweza kutania mwalimu wa hesabu anaweza pia kusema nisamehe.

Kwanza zungumza na Mama Élisabeth, yeye ndiye mkubwa, na binti ni wake. Mwambie kosa lako kwa maneno mafupi. Akikuruhusu, mpe Joyeuse ng'ombe wake mkononi, mbele ya mama yake, mchana, na umwambie hivi: sheria ya tisa nimeifuta, na kwa ule mlima mimi sina sheria. Usimwambie kwamba umeliona kopo. Kila mchungaji ana haki ya kuwa na mahali pa siri.

Mlima wenyewe uache kwenye mlango ule kama ulivyo, na majani yake. Usiweke hata askari mmoja hapo tena. Umwagilie. Kama siku moja atataka kuongeza chemchemi nyingine, au watu wanaorudi nyumbani na mizigo yao, utatengeneza atakavyokuambia, na yeye ndiye atakayesema zamu ni ya nani. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua mwaka wa masomo mzima. Wewe ulipenda vita ambamo kila mtu anangoja zamu yake, basi ngoja.

Na siku hiyo ya kumpa ng'ombe, ukiona amenyamaza tu amemshika, usiharibu kwa kumuuliza kama amekusamehe. Muulize Bihogo anapenda majani gani, halafu uende ukayatafute.

Mama Léonie