Sehemu ya Kumi na Mbili

Mpenzi Baba Stamili,

Sisi wazima. Stamili anaota jino, kwa hiyo silali. Naandika kwa sababu kwenye simu hukawii kunichekesha nikasahau.

Ile katuni yetu ya Kijapani, ya binti mwenye upanga, tuliyoahidiana mtu asimtangulie mwenzake kuitazama, sehemu ya kumi na mbili imefika Newala jana, imeshatafsiriwa. Nisamehe, nimeitazama huku nanyonyesha. Mtafsiri kamfanya yule mzee wa Kijapani amwambie binti, "Nenda Newala ukapigwe baridi, utapata akili!" Nikacheka, kisha nikairudisha nyuma nisikilize tena. Maneno hayohayo uliniambia Jumapili kwenye simu, nami nipo hapahapa Newala, ukacheka peke yako.

Mume wangu, wewe uko Lukuledi unalinda korosho. Shambani hakuna umeme, na simu yako ni ya tochi. Umeitazama kwa nani?

Usinipigie. Njoo Jumamosi, nitakupikia kisamvu. Sehemu ya kumi na tatu ipo kwenye flashi, sijaigusa. Tutakaa pamoja. Wewe utatazama katuni, mimi nitakutazama wewe, nione kama utacheka kabla mtafsiri hajasema.

Mkeo, bado nakupenda,
Mama Stamili