Kadi Mpya za Mchezo wa Sista

Jumanne, 8 Julai 1975
Sista Marsela amehamishwa, kaniachia mchezo wake wa ubao: vyumba mia moja, dadu, kete nne na kadi arobaini za Kiingereza. Unavuta kadi, unaisoma kwa sauti, unasogeza kete kama ilivyosema. Mungu ambariki! Darasa langu la kisomo hapa Misunkumilo limebaki na akina mama sita. Bwana Gelasius, mratibu, alishasema: nisipompa wasomaji kumi mwezi huu, darasa linafungwa, akina mama wakasome mbali huko Kashaulili. Nani aende huko na mtoto mgongoni akitoka shamba? Hakuna. Nitaandika kadi za Kiswahili.

Alhamisi, 10 Julai
Nimekata boksi la sabuni. Kadi za Sista sikuzigusa – nimezifunga kwa uzi, nikiharibu nitazirudia. Zake zinasema habari za theluji. Zangu: Tembo wameingia shambani, rudi vyumba vitano. Dagaa wa Ikola wamekauka vizuri, nenda mbele sita. Treni imefika kwa wakati, nenda mbele ishirini! Melkior alicheka mpaka akamwaga chai. Kisha akakaa akanichongea kete sita zaidi, wala sikumwomba. Nina mume, jamani.

Jumamosi, 12 Julai
Tumeujaribu. Umekwama! Saa nzima tunakwenda mbele na kurudi pale pale. Melkior anauliza kama hao tembo nimealika ukoo mzima. Kuhesabu – kadi kumi na tano za tembo! Nimetoa kumi. Nafasi zao nimewapa majirani wema: Lyamba amekuazima jembe, nenda mbele vyumba vinne. Na wengine hivyo hivyo. Sasa mchezo unatembea.

Alhamisi, 17 Julai
Wamefika kumi! Wanne walioacha wamesikia habari za mchezo, wamerudi. Bernadetha, mwepesi kuliko wote, kavuta kadi ya treni, kaisoma bila kusita, kapiga vigelegele. Hawakutaka kuondoka. Asante Sista, asante Melkior, asante hata boksi la sabuni.

Jumatano, 23 Julai
Bwana Gelasius kaja. Kaagiza kila mmoja avute kadi moja, aisome kwa sauti. Tisa wamesoma, wengine kwa jasho, lakini wamesoma. Bernadetha kavuta ya Lyamba. Kainamisha kichwa. Mratibu: soma, mama. Kimya. Nikamnong'oneza herufi ya kwanza – mjinga mimi! Kwenye fomu kaandikwa: hajui kusoma. Tisa.

Jioni kaja nyumbani, macho mekundu. "Mwalimu, huyo wa jembe si ndiye baba yake mume wangu? Nimtaje jina, mimi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Najua fika ni mkwewe! Mimi mwenyewe, kwa mila yetu, jina la baba yake Melkior sijalitamka miaka kumi na minane. Nilikuwa nawaza kuondoa tembo tu. Na bado huyu mama hakunilaumu, kaniletea na mihogo.

Alhamisi, 24 Julai
Niko Kashaulili, kwenye benchi nje ya ofisi. Tumetoka alfajiri na Bernadetha. Nimemweleza Bwana Gelasius kila kitu. Kanisikiliza vizuri, hilo namshukuru. Lakini kadi nyingine hatoi: aliyoshindwa ndiyo hiyo hiyo, na fomu inasema asome kwa sauti.

Bernadetha akaomba penseli.

"Mama mkwe alinikataza kulitamka," akamwambia. "Kuliandika hakunikataza."

Kadi ya Lyamba tumekuja nayo; kaisoma mara moja, kimoyomoyo, kaigeuza kifudifudi. Kisha kaandika polepole, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo: Lyamba amekuazima jembe, nenda mbele vyumba vinne. Herufi kubwa mahali pake. Mkato mahali pake!

Bwana Gelasius kaangalia karatasi, kaangalia fomu, kaangalia tena karatasi. Kaingia nayo kwa mkubwa wake. Mlango umefungwa, nasikia wanabishana. Bernadetha yuko hapa pembeni yangu, mikono mapajani.

Chini ya sentensi, bila kuambiwa na mtu, aliongeza mstari wake mwenyewe: Na mimi ni wa kumi.