Wimbo Uliohamia Kwenye Viola

Svendborg, 26 Septemba 1927

Kaka yangu mpendwa Esben,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima? Kile kikohozi kimekuachia? Huku hatujambo, ila mimi nimenakili nota mpaka kidole kimeota sugu.

Baba amemaliza utunzi mpya wa ala nne: fidla mbili, viola na sello. Utapigwa hapa sebuleni Jumapili tarehe 9 Oktoba, siku atakayotimiza miaka sabini. Ni yaleyale yake: bustani ya matofaa, kiangazi cha zamani, marehemu Mama. Huko Copenhagen wanasema mambo hayo yamepitwa na wakati. Wacha waseme! Mimi nililia nikinakili.

Na kama kawaida, wimbo mtamu kauweka kwenye sello, ajipigie mwenyewe. Sijasahau siku uliyoifungia viola yako sandukuni ukamwambia umechoka kumtwangia mm-pa, mm-pa chini ya sello yake maisha yako yote, naye akakujibu kwamba mlango uko wazi. Miaka sita sasa hujarudi.

Lakini vidole vya Baba vimekakamaa, Esben. Nilimsikia chumbani akiujaribu wimbo ule, ukimshinda, akianza upya. Moyo uliniuma. Basi nikafanya ambalo mnakili hapaswi kufanya: wimbo wa sello nikauandika kwenye karatasi ya viola, Baba nikamwachia nota ndefu za chini.

Jana wakafanya mazoezi. Bwana Kjeldsen mfamasia, anayekushikia nafasi yako ya viola kwa kubahatisha, akaanza kuupiga wimbo. Baba akainua kichwa, akanitazama. Yesu wangu, nilitamani ardhi inimeze! Akapiga nota zake za chini hadi mwisho. Kisha akanifuata jikoni, akaniuliza nani kanituma.

Hapa ndipo nakuomba radhi. Nilibanwa, nikamwambia ni wewe. Kwamba umeniandikia kuomba wimbo mmoja tu, na ukipewa utarudi. Baba akamega mkate, asiule. Akaomba penseli, akaandika kitu juu ya karatasi ya viola, akasema nikutumie.

Nimeiweka humu. Kjeldsen amenuna, lakini atapoa akipewa keki. Usinifanye mwongo, kaka yangu. Nisalimie mwenye nyumba wako, na ujifunge skafu kwenye treni.

Mimi dada yako akupendaye,
Dagny

Tena: mwandiko wake siku hizi unatetemeka, usije ukashindwa kuusoma. Ameandika: “Esben, hapa nenda taratibu. Usiniache nyuma.”