Kivumbasi na Ufagio wa Mariamu

Jumatatu, 14 Mei 1979
Nimeteka maji tena. Mgongo unauma. Nimepanda nusu ya mbegu za kivumbasi nilizofunga kwenye pindo la leso nilipokimbia Mbale. Mbegu ndogo kama baruti. Hazifukiwi, unazimwaga juu ya udongo, unazibonyeza kwa kiganja. Nimeziweka uani, chini ya ukuta wa jiko, maana nje mbuzi hawaachi kitu.

Askari walichoma vichaka vyote huku Wanyange, watu wasipate pa kujificha. Nyuki wa mume wetu Rajabu hawana ua hata moja. Mzinga mmoja umeshahama, umebaki mmoja. Sukari dukani hakuna, asali ndiyo tunayobadilisha kwa unga. Kivumbasi kikishika, huchanua karibu mwaka mzima, na ukikikata huchipua tena. Kishike tu.

Jumatano, 16 Mei
Mke mwenzangu Mariamu anafagia kabla ya jua. Ua wote, mpaka udongo unang'aa. Yeye Msoga wa Buwenge, nyumba ni yake. Mimi Mnubi, niliyefukuzwa kwangu Mbale kwa sababu ya ukoo wangu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe nimeshika. Ufagio hanipi.

Rajabu alipeleka lori Mbale kabla ya vita kufika. Tulipishana njiani, mimi nikikimbilia huku. Mpaka leo hatujasikia neno.

Jumanne, 22 Mei
Miche imetoka! Majani mawili mawili. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Jumatano, 23 Mei
Hakuna kitu. Mariamu amefagia yote. Nimelia kwa hasira, nimemwambia wazi.

"Poore, dada. Mi sikuona."

Mwongo. Macho anayo.

Ijumaa, 1 Juni
Nimemwaga mbegu zilizobaki. Nimezungushia mawe. Nyuki wachache mlangoni pa mzinga, wazito, hawaendi popote. Ikishindikana hii, basi.

Jumamosi, 2 Juni
Nimemkuta anayatupa mawe nje. Nimeshika ufagio, naye kaushika. Tumevutana kama watoto, wanawake wazima. Ndipo akasema:

"Kwetu, nyumba ya maiti ndo hawafagii. Watu wakiona taka hapa, watasema Lajabu amekufa. Mi nafagia. Ataludi, akute safi."

Nikauachia. Akafagia juu ya mbegu zangu zote, mimi namtazama. Ningemzuiaje? Hata mimi namtaka huyo mtu arudi. Nimechoka. Hata kuchukia nimechoka.

Jumanne, 12 Juni
Amekuja Mzee Abdala, fundi wa malori, kutoka upande wa viwandani Mbale. Alikuwa akifanya kazi na Rajabu. Kofia mkononi, hataki kukaa.

"Mama, tulimuzika. Askari walitaka lori, ye akakataa kushuka."

Walimzika nyuma ya gereji, yeye na wenzake wawili. Sala ilisaliwa. Namshukuru kwa hilo. Mariamu alikuwa amesimama na ufagio. Ameulaza chini taratibu, kama anayelaza mtoto.

Jumapili, 17 Juni
Tumekaa eda wote wawili, chumba kimoja. Majirani wanaleta chakula. Mariamu hali. Uani majivu, majani, maganda ya ndizi. Hakuna anayefagia, hakuna atakayefagia mpaka hitma isomwe. Sijatoka kuangalia kitu.

Namlilia Rajabu, halafu namkasirikia. Lori! Si angeshuka tu.

Jumatatu, 25 Juni
Hitma ilisomwa jana. Leo Mariamu amechukua ufagio, amefika mlangoni, akasimama. Nikaenda kuona.

Kivumbasi kimeota kila mahali aliposukuma ufagio siku ile. Njiani, mbele ya choo, hadi kizingitini. Chini ya ukuta wa jiko nilipokipanda hakuna hata mche mmoja. Kwingine kote uani hapana pa kukanyaga.

"Leo wacha," amesema. Amerudi kukaa.

Alfajiri niliamka mapema, nikawa nautegea masikio ule ufagio. Niliuchukia tangu nilipofika. Leo ningeitoa miche yote ile niusikie tena, naye Rajabu awe bado anangojwa.

Jua limepanda. Nimechovya mkono kwenye ndoo ya maji, nimeanza kuinyunyizia miche kutoka mlangoni. Mariamu amekuja na kikombe, akaanza upande wa choo.