Mke wa Lodi Hajatulia

Ouma ndugu yangu,

Hapo nyumbani mko aje? Mguu wa mama umepata nafuu, ama bado anauburuta kwenda kanisani? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Huku Kericho mvua haikosi kila alasiri na majani chai yanachumwa kama kawaida. Ningekupigia simu, lakini wewe hupenda kuweka spika, na neno hili sitaki Akoth mkeo alisikie ovyo.

Nilikuambia Memsabu alifariki. Mumewe, huyu mzee ninayempikia, ni Lodi wa kweli, cheo cha ukoo wao huko Uingereza, na shamba hili aliachiwa na baba yake. Lakini tangu niajiriwe, sikuwahi kuwasikia wakisemezana. Wameketi meza moja, Lodi ananiambia, "Atieno, mwambie chai inapoa." Memsabu naye, "Mwambie nimeona." Nami katikati, napeleka maneno kama tarishi. Mwanzoni nilicheka jikoni hadi machozi. Baadaye nilichoka.

Alipougua sana, Memsabu alinishika mkono mbele ya mumewe. "Mwambie asinizike hapa. Nirudishwe kwetu, kwa dada yangu." Nikasema. Lodi akatazama dirisha.

Alipokufa, Lodi alimzika kilimani nyuma ya nyumba, na kando yake akajengea kabisa shimo lake mwenyewe kwa simiti. Koech wa bustani, mtu wa Kapsoit, ndiye aliyechimba. Aliniambia, "Dada, huyu mama hajatulia. Mimi nasikia fimbo yake ya kutembelea hapo kwa veranda." Nami nimeisikia, Ouma, mchana kweupe nikipanga vikombe. Naogopa.

Juzi Lodi aliniita kaburini. "Mwambie nimemletea maua." Nikamwambia. Ningefanyaje?

"Amesema nini?"

Sijui ulimi wangu uliongozwa na nani. "Amesema anataka kwenda kwao."

Aliyapanga maua hadi mvua ikaanza kutulowesha. Kisha akasema polepole, "Mwambie amechelewa."

Tangu hapo sina amani. Unajua nilivyotoka kwa yule mume wangu, na kipigo nilichotoka nacho. Mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini mahari yake bado iko kwetu, na kwa mila yetu nikifa leo atakuja kunichukua nilale bomani kwake milele. Ng'ombe wake ndio uliowatoa kumwoa Akoth, kwa hivyo najua ninakuomba jambo zito. Sisemi Akoth aondoke. Nitachanga mshahara wangu, nawe uuze yule fahali, tununue wengine, wazee wawarudishe mbele ya mashahidi. Mradi warudi nikiwa hai.

Msalimie mama sana, na shangazi muuza samaki, umwambie omena yake ilifika na tumeila na Koech. Akoth pia msalimie. Yeye hana kosa.

Ukikataa, kataa waziwazi. Lakini ukikaa kimya, ndugu yangu, nitajua kwamba atakayenizika kule ni wewe, si yeye.

Ni mimi dada yako,
Atieno